Kwenye karatasi Porsche 911S iliizidi Datsun 240Z kila kitu. Mbona Safari Rally walishinda Datsun?

#1 Injini_Sita (Dar)

Wakuu, salaam.

Naomba tuweke mezani magari mawili ya michezo ya zamani. Takwimu za kiwandani za 1970/71 ziko hivi. Datsun 240Z: silinda 6 kwenye mstari mmoja, cc 2393, kabureta mbili, nguvu za farasi 151, kilo kama 1,045, mwisho wa spidi karibu 200 km/saa. Porsche 911S ya wakati huohuo: silinda 6 zilizolala kushoto na kulia, cc 2195, injini inapozwa kwa hewa na iko nyuma, farasi 180, kilo kama 1,020, mwisho wa spidi karibu 225. Kutoka kusimama mpaka 100 Porsche inatumia sekunde 7 hivi, Datsun 8 na ushee.

Kwa hiyo Porsche ni nyepesi zaidi, ina nguvu zaidi na inakimbia zaidi. Bei nayo: Datsun ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 3,526, na 911S ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Sasa njoo Safari Rally, ile ya huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1971 wa kwanza Edgar Herrmann na 240Z, wa pili Shekhar Mehta na 240Z. Mwaka 1973 Mehta tena, 240Z tena. Porsche 911 wakaja wakapata nafasi ya pili 1974, nafasi ya pili 1978, basi. Hawa ni watu walioshinda rally ya Monte Carlo kule Ulaya mara tatu mfululizo, 1968, 1969 na 1970. Barabara zetu ziliwashinda.

Msimamo wangu ni huu: karatasi ya kiwandani inapima injini na lami. Ukipima gari zima juu ya ardhi halisi, 240Z lilikuwa gari bora kuliko 911. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kiti_cha_Nyuma

Nimekaa. Endeleeni.

#3 Fundi_Kabureta (Morogoro)

Mkuu Injini_Sita, uzi mzuri, ila hapo kwenye farasi 151 umelinganisha vitu viwili tofauti.

Ile 151 ni kipimo cha zamani cha Marekani. Injini ilikuwa inawekwa peke yake kwenye benchi: feni hakuna, alteneta haifanyi kazi, chujio la hewa na ekzosi ya gari vimeachwa pembeni. Wajerumani wao walipima injini ikiwa imevaa kila kitu inachokibeba barabarani. Marekani walibadilisha kipimo kuanzia magari ya 1972, na 240Z ya 1973 ikaandikwa farasi kama 129. Sehemu ya upungufu huo ni kabureta mpya zilizoletwa kwa ajili ya sheria za moshi, lakini sehemu kubwa ni namna ya kupima tu.

Kwa hiyo pengo halisi na 911S halikuwa farasi 29. Lilikuwa karibu na 50. Gawanya uzito kwa farasi: Porsche kila farasi anabeba kilo 5.7, Datsun kila farasi anabeba kilo 8. Hilo ni pengo la madaraja mawili. Ukitaka kuilinganisha 240Z kwa haki, iweke na 911T, ile ya farasi 125. Hapo wanakwenda sambamba kabisa, na hata 911T bado ilikuwa inakaribia mara mbili ya bei ya Datsun.

#4 Injini_Sita

> Fundi_Kabureta: pengo halisi halikuwa farasi 29

Asante fundi. Ila unanisaidia mimi. Pengo likiwa kubwa zaidi na Datsun bado ikashinda, basi hoja yangu ina nguvu kuliko nilivyoiandika.

#5 Plagi_Nne (Nairobi)

Wasee, mmesahau hewa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na ruti ya Safari ilikuwa inapanda zaidi ya hapo. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. Hapa mjini tayari umepoteza kama asilimia 18. Hiyo 911S ya farasi 180 ikifika Nairobi ni farasi 148 hivi. Gari imetengenezwa Stuttgart, hewa nzito, halafu unaileta huku juu. Nadhani hapo ndipo Porsche ilikufa.

#6 Fundi_Kabureta

Hapana kaka. Datsun nayo ilikuwa inavuta hewa hiyohiyo. Wote wanapoteza asilimia ileile, kwa hiyo anayeongoza anabaki anaongoza.

Na ukienda ndani zaidi, mwinuko ulimpendelea Porsche. 911S haikuwa na kabureta. Ilikuwa na pampu ya Bosch ya kupulizia mafuta, na pampu ile ina kifaa kinachohisi mgandamizo wa hewa na kupunguza mafuta gari linapopanda. Kabureta ya 240Z haijui kama uko Mombasa au Timau. Inaendelea kumwaga mafuta kwa hewa iliyopungua, plagi zinakuwa nyeusi, gari linakohoa. Mafundi wa timu walikuwa wanaweza kubadilisha jeti na sindano, lakini ruti inayoanzia ukanda wa juu, inashuka pwani, inapanda tena, utabadilisha mara ngapi?

#7 Dada_Difu (Arusha)

Mnabishana farasi kana kwamba Safari ilikuwa mbio za lami. Angalieni nguvu ya kuvuta.

240Z ilitangazwa nyutoni mita 198 kwenye mizunguko 4,400 kwa dakika. 911S nyutoni mita 199 kwenye mizunguko 5,200. Zinalingana! (Na najua fundi atasema kipimo cha Datsun ni kile cha benchi, sawa, punguza kidogo.) Tofauti iko kwenye mahali nguvu inapopatikana. 911S ya miaka ile ilikuwa injini ya kupiga kelele: chini ya mizunguko 4,000 imelala, juu ya 5,000 inaamka ghafla. Kwenye tope la Aprili ukiamsha injini namna hiyo tairi zinachimba shimo na unakaa. Injini ndefu ya silinda 6 za mstari, yenye pistoni zinazosafiri umbali mrefu, inavuta taratibu kutoka chini. Unabaki kwenye gia ya pili, unakanyaga kwa adabu, gari linatambaa mpaka litoke.

Mimi naendesha magari kwenye njia za mashamba huku, na gari la kuamka ghafla siku ya mvua silitaki hata bure.

#8 Kiti_cha_Nyuma

Dada_Difu umemaliza. Fungeni uzi 😄

#9 Mwana_wa_Magara (Babati)

Msifunge. Mimi nimezaliwa chini ya ule mteremko wa Magara, njia ya kwenda Mbulu. Wakati Safari inapita nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, huku kwetu ndiko walikokuwa wanakuja kuhukumiwa. Marehemu babu yangu alikuwa kijana, na alikuwa miongoni mwa wale wanaosimama kwenye kona za tope. Kazi yao ilikuwa kusukuma. Gari likikwama, wanaume kumi na tano wanashuka, wanaliinua na kulirudisha njiani, dereva anarusha mkono, anaondoka.

Babu hakujua farasi wala nyutoni. Alichokuwa anakisema ni kwamba kuna madereva waliokuwa wanasimama kabla ya tope, wanaangalia, wanauliza wenyeji maji yamefika wapi, ndipo wanaingia. Na kuna waliokuwa wanaingia kwa kasi tu. Wa kwanza walikuwa wanazungumza Kiswahili. Wa pili walikuwa wageni.

Sasa ninyi mnalinganisha injini. Mimi nauliza, nani alikuwa kwenye usukani?

#10 Mkongwe_wa_Rally (Nakuru)

Kijana wa Magara amegusa penyewe, na takwimu zinamuunga mkono.

Mashindano yalianza 1953. Mpaka mwaka 1971 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyewahi kushinda. Hata mmoja. Hannu Mikkola wa Finland alikuwa wa kwanza, 1972, na Ford Escort. Herrmann alikuwa Mjerumani, lakini alikuwa mkazi wa Kenya, na alishashinda 1970 na Datsun 1600 SSS. Mehta alizaliwa Uganda, akahamia Kenya, hatimaye akashinda Safari mara tano. Joginder Singh, naye mshindi, ni wa hapa hapa Kenya. Nick Nowicki, aliyeshinda 1968 katika mvua zile ambazo magari 7 tu ndiyo yalimaliza, naye mkazi.

Ushahidi mzuri zaidi uko ndani ya timu zenyewe. 1971, 240Z zilizoshika nafasi ya kwanza na ya pili zilikuwa za wakazi. 240Z ya Rauno Aaltonen, bingwa wa Ulaya, gari lilelile la kiwanda, ilimaliza ya 7. Halafu 1978 Porsche walileta 911 SC mbili, zimeinuliwa mpaka tumbo liko sentimeta 28 kutoka chini. Moja akapewa Mswidi Björn Waldegård, nyingine Vic Preston Jr wa Nairobi. Waldegård wa 4, Preston wa pili.

Gari moja, matokeo tofauti. Kwa hiyo ukisema 240Z iliishinda 911, sema pia Herrmann na Mehta waliwashinda Waswidi.

#11 Injini_Sita

Mzee Mkongwe, heshima yako. Lakini hoja ya dereva ikikubalika, basi hakuna gari lolote linaloweza kulinganishwa na jingine popote. Monte Carlo nako tutasema theluji ilikuwa ya Waldegård, siyo ya Porsche. 240Z ilipata nafasi ya 3 kule Monte mwaka 1972, na dereva alikuwa huyohuyo Aaltonen. Gari la bei nafuu, kwenye barafu, mbele ya magari mengi ya bei mbaya. Lazima kuna kitu ndani ya gari.

#12 Bodi_Kutu (Mombasa)

> Injini_Sita: nafasi ya pili 1974, nafasi ya pili 1978, basi

Hapa umeruka mwaka, ndugu yangu. 1972 Sobiesław Zasada, Mpolandi, alimaliza wa pili na 911S. Mwaka huohuo Herrmann na 240Z alikuwa wa 5 na Aaltonen wa 6. Yaani barabara zile zile, mvua ile ile, Porsche iliziacha Datsun Z zote nyuma. Na Zasada hakuwa mkazi.

Huo mmoja tu unavunja hoja mbili humu ndani: ya gari na ya dereva.

#13 Plagi_Nne

Bodi_Kutu ametoa kadi nyekundu 😂

#14 Mkongwe_wa_Rally

Haivunji kitu. 1972 ndiyo mwaka wageni walipojua kazi. Mikkola na Zasada walishakuja kabla, walishachapwa, walirudi wakiwa wamesoma. Zasada mwaka 1971 alikuwa wa 5. Maarifa ya njia hayahitaji kuzaliwa hapa, yanahitaji kurudi.

#15 Saa_Tisa_Usiku (Kampala)

Mehta 1973 alishinda kirahisi sana, mimi sioni kwa nini tunajadili. Pale 240Z haikuwa na mpinzani.

#16 Bodi_Kutu

Kirahisi? Safari ya 1973 iliisha kwa sare! Mehta na Harry Källström walikuwa na dakika za adhabu sawasawa. Ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu ya kwanza, ndipo Mehta akapewa ushindi. Na huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rally, kwa hiyo si mashindano ya mtaani.

Sasa swali. Källström alikuwa anaendesha nini? Datsun 1800 SSS. Saluni ya silinda 4, ya kupeleka watoto shule. Maelfu ya kilometa za tope na vumbi, gari la michezo na gari la familia kutoka kiwanda kimoja yakatoka sare. Injini_Sita, kama 240Z ilikuwa bora kwa sababu ni gari la michezo lililoundwa vizuri, hiyo saluni iliundwa na nani?

#17 Injini_Sita

Iliundwa na watu walewale, kwa falsafa ileile. Ndiyo hoja yangu. Nissan, wenye chapa ya Datsun, walikuwa wanajenga magari ya kuvumilia.

#18 Fundi_Kabureta

Naongeza kitu ambacho hakijaguswa, maana tunazungumzia magari ya dukani wakati yaliyoshindana hayakuwa ya dukani. 240Z ya Safari ilikuwa na farasi zaidi ya 200. Chini ina bamba nene la kukinga sampu (bakuli la oili), mbele ina vyuma na taa kubwa, nyuma spea mbili, tangi kubwa la mafuta. Uzito wa kilo 1,045 hapo umeshapotea. Porsche vivyo hivyo. Zile sekunde 7 na 8 za Injini_Sita hazihusiani na kilichotokea Taita au Tugen.

Mimi kama fundi naangalia suspenshoni. 240Z ina shokapu na springi kwenye mguu mmoja, magurudumu yote manne. Kikifa kitu, unafungua boliti chache, unatoa mguu mzima, unafunga mwingine uliokwisha kuandaliwa. 911 haina springi za kuzunguka. Ina fito za chuma zinazojisokota ndani ya bodi. Ni ufundi safi, unaokoa nafasi na uzito, na kwenye lami hauna kasoro. Lakini ukiinama chini ya gari saa nane za usiku, mvua inanyesha, dakika zinahesabiwa, na mkono wa nyuma umepinda, utatamani ungekuwa na Datsun.

Mwaka 1974 Waldegård alikuwa anaongoza na Porsche 911 Carrera RS. Suspenshoni ya nyuma ikampotezea muda, Joginder akapita na Mitsubishi Lancer ya cc 1600. Carrera RS ya dukani ina farasi 210!

#19 Dada_Difu

Na uzito wa injini nyuma ndiyo unaoua suspenshoni ya nyuma. Karibu asilimia 60 ya gari imekaa juu ya ekseli moja. 240Z iko karibu nusu kwa nusu. Kila korongo unaloruka, Porsche inatua kwa makalio.

#20 Bin_Mtoni (Maskati)

Nyinyi mnazungumza kwa kusoma, mie nazungumza kwa kuendesha. Nipo Oman miaka mingi. Nimewahi kumiliki 260Z, iliyoifuata 240Z, na mwenzangu ana 911 SC anayoitunza kama mboni ya jicho. Tumezipeleka zote mbili kwenye njia za changarawe na kwenye mabonde ya mchanga.

Huo uzito wa nyuma mnaoutukana ndio unaokutoa. Mchangani 911 inashika, maana injini imekalia tairi zinazosukuma. Z ilikuwa inaniadhibu: nyuma nyepesi, tairi zinazunguka, nabaki hapohapo. Tukabadilishana usukani, matokeo yaleyale.

La pili, joto. 911 haina rejeta. Hakuna mpira wa maji wa kupasuka, hakuna jiwe la kutoboa. Z pua yake ndefu ina rejeta mbele kabisa, inasubiri jiwe. Mimi safari za mbali nilikuwa nabeba maji kwa ajili ya gari kabla ya maji ya kunywa.

Kwa hivyo mkisema 911 haikufaa kwa ardhi mbaya, sikubaliani. Paris-Dakar 1984 imeshinda nini? 911.

#21 Mkongwe_wa_Rally

911 ile ya Dakar ilikuwa inavuta magurudumu yote manne, Bin_Mtoni. Na jangwa si tope la Mbulu. Lakini hoja ya rejeta ni nzito, sikuwa nimeifikiria hivyo.

#22 Saa_Tisa_Usiku

Swali la pembeni. Hii 240Z mtu anaweza kuipata sasa hivi akaileta?

#23 Plagi_Nne

Kenya sahau kuagiza kwa njia ya kawaida. Gari iliyozidi miaka 8 haiingii. Za hapa zilizobaki ziko kwa watu wanaojua wanacho nini, hawauzi.

#24 Kiti_cha_Nyuma

Bongo inaingia, ila kuna ushuru wa uchakavu unaopanda gari likizeeka. Na bei yenyewe Japani imepaa. Kwa hela hiyo nachukua Mark II ya turbo, chenji inabaki ya bati za nyumba.

#25 Skailaini_34 (Mwanza)

Nimefurahi mmefika Japani, maana humu mnaamini sana namba za vitabu. Kuanzia 1989 viwanda vya Japani vilikubaliana kutotangaza gari la zaidi ya farasi 280. Fairlady Z (ndilo jina la Z huko Japani) ya 1989, ile 300ZX, ndiyo ilitangulia kugusa 280. Baada ya hapo Skyline GT-R R32, R33, R34, Toyota Supra ya injini ya 2JZ yenye turbo mbili, zote zinaandikwa 280. Miaka 15! Inawezekanaje injini zote hizo zilingane? R34 ukiiweka kwenye mashine ya kupimia inazidi 300 ikiwa haijaguswa. Makubaliano yakaisha 2004.

Kwa hiyo Wamarekani walikuza namba, Wajapani wakapunguza namba, na sisi tunakaa hapa kulinganisha magari kwa namba hizo.

#26 Dada_Difu

Kweli kabisa. Ila tusihamie Skyline, uzi utazama. Ulinganisho wa GT-R na Supra ufungulie wa kwake, nitakuja na yangu ya kusema kuhusu giaboksi.

#27 Bodi_Kutu

Turudi. Kuna jambo linalonisumbua kuhusu hoja ya fundi ya suspenshoni. Siku hizi kuna Safari ya magari ya zamani, ile ya Classic, ya huku Afrika Mashariki. 2011 Waldegård alishinda na Porsche 911. 2015 Stig Blomqvist alishinda na Porsche 911. Gari la muundo uleule, injini nyuma, ardhi ya hapahapa. Nilisimama barabarani mwaka mmoja zilipopita kuelekea pwani. Zilikuwa zinaruka matuta na kutua bila kuyumba.

Kama umbo la 911 ndilo tatizo, mbona sasa linashinda?

#28 Fundi_Kabureta

Kwa sababu shokapu za leo si zile. Mafuta, vali za ndani, gesi, hifadhi ya pembeni ya kupoza. Mpe Waldegård shokapu hizo mwaka 1974 na Joginder anakuwa wa pili. Kwa maneno mengine, 911 lilikuwa gari zuri lililokuwa linasubiri shokapu.

#29 Mkongwe_wa_Rally

Na kwa sababu Porsche zilizokuja kwenye Classic zina kikosi kikubwa cha mafundi na spea za kutosha. Miaka ya 70 hali ilikuwa kinyume. Datsun walikuwa na wauzaji wao D.T. Dobie pale Nairobi, na Datsun za kawaida zilijaa Afrika Mashariki nzima, fundi wa Voi au Kisumu anazijua. Nissan wenyewe walikuwa wanakuja mwaka hadi mwaka tangu miaka ya 60, kwa sababu ushindi wa Safari uliwauzia magari. Porsche walikuwa wanakuja, wanakosa mwaka, wanarudi. Kiwanda chao hakikuwa kinategemea kuuza 911 Nakuru. Mimi naona hii ni hoja nzito kuliko shokapu.

#30 Mwana_wa_Magara

Mzee, kwa hiyo ni pesa na moyo wa kurudi? Basi dereva wangu bado yumo, kwa sababu naye aliyerudi ndiye aliyeshinda.

#31 Bin_Mtoni

Na bado hakuna aliyejibu kuhusu Zasada 1972. Mgeni, 911S, mbele ya Datsun Z zote. Mie nasubiri.

#32 Injini_Sita

Nasoma zote. Zasada nampa heshima yake, lakini mwaka mmoja kati ya mitatu waliyokutana haunitoshi kubadili msimamo. Nimekuja na gari jingine, maana naona tumekwama kwenye haya mawili.

Lancia Stratos. Injini ya V6 ya Ferrari Dino, cc 2418, imewekwa katikati, siyo mbele wala nyuma. Chini ya kilo 1,000. Farasi 190 ya dukani. Liliundwa tangu mwanzo kwa ajili ya rally. Bingwa wa dunia 1974, 1975 na 1976. Monte Carlo 1975, 1976 na 1977. Safari 1975 wakaja na Sandro Munari na Waldegård: wa pili na wa tatu. 1977 Munari wa tatu. Ushindi hakuna.

Uzito wake uko katikati, kwa hiyo hoja ya Dada_Difu ya makalio haimgusi. Kiwanda kilikuja kwa nguvu. Dereva Waldegård alishazijua njia zetu kufikia hapo. Na bado. Anayejua kwa nini 240Z iliweza na Stratos haikuweza aniambie.

#33 Mkongwe_wa_Rally

Aliyeishinda Stratos 1975 ni Ove Andersson. Mswidi, siyo mkazi, kwa hiyo sitasema habari za wenyeji. Gari lake Peugeot 504.

#34 Kiti_cha_Nyuma

504?! Hii hii iliyokuwa inabeba abiria wa mikoani?

#35 Fundi_Kabureta

Hiyo hiyo. Springi ndefu laini, magurudumu yanashuka mpaka chini ya korongo na kurudi bila bodi kushtuka. Stratos lina magurudumu yaliyo karibukaribu mno, kwenye mashimo linachezacheza mbele nyuma, dereva anachoka.

#36 Dada_Difu

Magurudumu ya 240Z nayo yako karibu, fundi. Sentimeta 230 na nusu kati ya ekseli na ekseli, inaizidi 911 kwa sentimeta 4 tu. Hiyo haitoshi kuwa sababu. Mimi narudi palepale: injini ya 504 inavuta kutoka chini.

#37 Bodi_Kutu

Na Joginder 1974 na Lancer ya cc 1600? Ile haikuwa na mvuto wa chini kuliko Carrera RS ya cc 2687. Dada, hapo unajibu nini?

#38 Dada_Difu

Najibu kesho, nina takwimu za Lancer GSR mahali. Fundi, kama unazo za gia zake ziweke hapa, maana uwiano wa difu ndio utakaotuonyesha tairi zilikuwa zinapata nini.